Mjumbe wa Bremen na kosa la kumpima kwa Richmond

Kwa wengi wetu tuliosoma historia Afrika Mashariki, Ujerumani ya karne ya 19 ina mtu mmoja tu: Otto von Bismarck. Si ajabu. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 aliuongoza yeye. Hati ya Kaiser ya Februari 1885, iliyoibariki mikataba ya Carl Peters ya Usagara na majirani zake, ilipita mikononi mwa serikali yake. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Zanzibar hadi Seyyid Barghash akakubali asichokitaka. Anayekuachia kovu huwezi kumsahau.

Lakini kumbukumbu hiyo imebeba hukumu nyingine ndani yake, nayo siyo ya kwetu peke yetu. Hata Ulaya imezoeleka. Inasema kwamba wapinzani wa Bismarck na waliomtangulia, yaani waliberali, walikuwa wapiga domo. Walikusanyika Frankfurt mwaka 1848, wakajadili katiba kwa muda wa mwaka mzima, wakatawanywa, na kazi yenyewe ikaja kufanywa kwa damu na chuma. Kuhusu wanadiplomasia wa vijidola vilivyokuwapo kabla ya 1871, hukumu ni kali zaidi: walikuwa mapambo ya karamu, watu wa medali kifuani na bakuli la supu mbele yao, wasiokuwa na jeshi nyuma wala uzito mezani.

Kuna mtu aliyekuwa vyote viwili, muliberali na mjumbe wa kijidola, ambaye hutajwa kama ushahidi wa hukumu hiyo. Jina lake Rudolf Schleiden. Vitabu vya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikimkumbuka, humpa aya moja: mjumbe wa Bremen aliyejitwika kazi ya kupatanisha Kaskazini na Kusini mnamo Aprili 1861, akapanda treni kwenda Richmond, akarudi mikono mitupu. Baadhi ya wasimulizi huongeza tabasamu. Mimi nimemsoma mtu huyu kwa muda, na kadiri ninavyomsoma ndivyo aya ile inavyonikera. Haina uongo. Imechukua siku nne za Aprili ikazifanya kipimo cha maisha ya miaka 79.

Tuanze na alikotoka, maana hapo ndipo mengi yanapoeleweka. Alizaliwa Julai 1815 huko Ascheberg, Holstein, wakati Holstein ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark ingawa ilihesabiwa pia katika Shirikisho la Ujerumani. Alisoma sheria, akaingia utumishi wa Denmark, akafanya kazi katika idara ya forodha mjini Copenhagen. Ningependa msomaji aishike hiyo forodha. Mtu huyu alijifunza dola kupitia ushuru, hati za mizigo na malalamiko ya wafanyabiashara. Hakuianzia kwenye hotuba. Machi 1848, Schleswig na Holstein zilipoinuka dhidi ya Copenhagen na serikali ya muda ikaundwa Kiel, aliacha kazi na mshahara akajiunga nayo. Alikuwamo katika mkutano wa Frankfurt ulioandaa uchaguzi wa bunge la Wajerumani wote, kisha serikali ya muda ikamtuma Berlin awe mwakilishi wake. Vita vilikwenda na kurudi. Prussia iliingia, ikatia saini usitishaji wa mapigano wa Malmö Agosti 1848 bila kuwajali sana waliokuwa wakipigania maduka na mashamba yao, ikaingia tena, ikatoka tena. Julai 1850 jeshi la waasi lilishindwa Idstedt. Itifaki ya London ya 1852 ikazirudisha ardhi zile kwa Denmark kwa ridhaa ya mataifa makubwa. Schleiden, ambaye hakuwa na nafasi tena nyumbani, aliajiriwa na Bremen, na mwaka 1853 akavuka bahari kuwa mjumbe mkazi Washington.

Kwa hiyo mtu aliyekwenda Richmond mwaka 1861 alikuwa ameshaona kwa macho yake nchi ikimeguka, serikali ya muda ikiomba kutambuliwa, na mataifa makubwa yakikata shauri juu ya vichwa vya wenyeji. Katika mabalozi wote waliokuwa Washington mwaka ule, sijui mwingine aliyewahi kuhudumu katika serikali ya waasi.

Sasa niziweke hoja za upande wa pili jinsi watetezi wa hukumu ile wangeziweka, bila kuzidhoofisha. Wanasema, kwanza, kwamba lengo la safari lilikuwa kusimamisha vita, na vita havikusimama. Kwa hiyo alishindwa. Pili, kwamba alishindwa kwa sababu Bremen ilikuwa mji wa watu wapatao laki moja, na nani amsikilize mjumbe wa mji? Tatu, kwamba kushindwa huko kulifanana na siasa yake yote: muliberali mwenye nia njema aliyeachwa na wakati. Ni hoja zinazoshikana vizuri, na ya kwanza haina ubishi kwa maana yake nyembamba. Lakini hebu tuisogelee Aprili yenyewe.

Ngome ya Sumter ilianza kupigwa mizinga tarehe 12. Tarehe 15 Abraham Lincoln aliita wanamgambo 75,000. Tarehe 17 mkutano wa Virginia ulipiga kura ya kujitenga. Tarehe 19 kikosi cha Massachusetts kilishambuliwa na umati katika mitaa ya Baltimore, na baada ya hapo madaraja ya reli ya kaskazini yakachomwa na nyaya za telegrafu zikakatwa. Washington ikabaki kama imefungiwa. Uvumi ulikuwa ndio gazeti: Wakusini wanakuja, Wakusini wamefika Alexandria, Wakusini wako elfu hivi na hivi. Kikosi cha 7 cha New York, kilicholazimika kuzunguka kwa njia ya Annapolis, kiliingia mjini tarehe 25.

Siku moja kabla ya hapo, tarehe 24, Schleiden alimwendea William Seward, waziri wa mambo ya nje, ambaye alikuwa rafiki yake na mgeni wa meza yake, akapendekeza aende Richmond akatafute njia ya kusitisha mapigano kabla damu nyingi haijamwagika. Seward hakukataa. Wakaonana na Lincoln. Rais alimshukuru, lakini hakumpa mamlaka yoyote wala ahadi yoyote. Na kwa maelezo ya Schleiden mwenyewe, alisikitika kwamba mjumbe huyo hakujiendea tu bila kumwuliza, kwa kuwa sasa ingeweza kuonekana kana kwamba serikali ndiyo iliyoanza kubisha hodi.

Sentensi hiyo ya Lincoln ndiyo ninayotaka tukae nayo, maana ndani yake mna jibu la hoja ya kwanza. Rais aliyeamini kwamba safari hiyo ni upuuzi angemzuia, au angemcheka. Alichokitaka Lincoln ni mtu wa kwenda ambaye anaweza kukanwa. Bismarck mwenyewe angeelewa hilo mara moja. Sisi tuna cheo cha mtu wa namna hiyo: mshenga. Mshenga hapimwi kwa kama binti amekubali. Hupimwa kwa kama amefikishwa ndani, amesikilizwa, na amerudisha neno kama lilivyosemwa bila kulipunguza wala kulitia chumvi.

Je, alifikishwa ndani? Alionana na Alexander Stephens, makamu wa rais wa majimbo yaliyojitenga, aliyekuwa Richmond kwa wakati huo kukamilisha mapatano ya Virginia kujiunga nao. Mtu mdogo wa umbo asiyefika ratili mia, mgonjwa mgonjwa, ambaye mwishoni mwa 1860 aliisihi Georgia isijitenge. Alisikilizwa? Ndiyo, na Stephens akampa jibu kwa maandishi: hana mamlaka ya kutoa pendekezo, lakini upande wake haukatai kusikiliza likitoka Washington, na hauna mpango wa kuuvamia mji mkuu. Alilirudisha neno? Tarehe 27 alikuwa Washington tena, na jibu la Stephens lilikuwa mbele ya Seward na Lincoln. Serikali iliyokuwa imekaa siku kadhaa bila telegrafu, ikisikilizia minong'ono ya mitaani, ilipata taarifa ya mtu aliyetoka upande wa pili usiku uliotangulia. Lincoln aliona hakuna faida ya kuendelea, na uamuzi ule ulikuwa wake. Kazi ya mshenga ilikuwa imekwisha.

Kuhusu hoja ya pili, kwamba sababu ya kushindwa ilikuwa udogo wa Bremen, historia yenyewe imetufanyia jaribio, tena mara mbili. Mwezi Aprili 1862, mwaka mmoja baadaye, Henri Mercier, balozi wa Ufaransa, alikwenda Richmond kwa idhini ya Seward. Huyu hakuwa wa mji wa watu laki moja. Nyuma yake kulikuwa na Napoleon III, majeshi yake na manowari zake. Alirudi na nini? Na habari kwamba Kusini haitaki chochote pungufu ya uhuru. Na Februari 1865, huko Hampton Roads, Lincoln na Seward wenyewe walikaa ndani ya meli ya mvuke na Stephens yuleyule wa Schleiden. Rais wa nchi, waziri wake na makamu wa rais wa waasi, ana kwa ana kwa masaa kadhaa, na hawakupatana. Kama mjumbe wa mji mdogo, balozi wa dola kubwa na rais mwenyewe wote wamegonga ukuta uleule, basi tusiulize urefu wa aliyegonga. Tuuangalie ukuta. Upande mmoja ulitaka Muungano urudi, upande mwingine ulitaka uhuru, na kati ya hayo hapakuwa na nusu ya kugawana.

Hapa sina budi kukiri jambo ambalo watetezi wa Schleiden hulipita kimyakimya. Ingawa nasema hakushindwa kama mjumbe, sisemi ingekuwa heri angefaulu. Sensa ya 1860 ilihesabu karibu watu milioni 4 waliokuwa watumwa Marekani. Mwezi mmoja tu kabla ya kuonana na Schleiden, Stephens huyohuyo alikuwa ametangaza hadharani mjini Savannah kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni imani kwamba mtu mweusi si sawa na mweupe na kwamba utumwa ndio hali yake. Amani ya Aprili 1861 ingepatikana kwa gharama ya watu hao, maana wakati huo hata Lincoln hakuwa ameahidi kuwaweka huru. Na Bremen haikuwa na mikono safi: ilikuwa soko kubwa la tumbaku la bara la Ulaya, na tumbaku ile, nyingi yake ya Virginia na Maryland, pamoja na pamba iliyoifuata, ililimwa kwa migongo ya watumwa. Mjumbe wa Bremen aliyetaka utulivu Richmond alikuwa pia akitaka utulivu wa biashara. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini tusimpe na ambayo si yake.

Sasa tuje kwenye kazi aliyoajiriwa kuifanya, kwa sababu Seneti ya Bremen haikumtuma Marekani kuzuia vita. Ilimtuma kwa sababu mji ule uliishi kwa bahari moja na mzunguko mmoja. Meli zilikwenda magharibi zimejaa wahamiaji wa Kijerumani, zikarudi mashariki zimejaa tumbaku na pamba. Bila abiria, nauli ya tumbaku ingepanda, na bila tumbaku, abiria wangesafiri kwa bei ya juu. Meya Johann Smidt alinunua ardhi kutoka Hannover na kuanza kujenga Bremerhaven mwaka 1827 kwa ajili hiyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo miji ya Hansa, yaani Bremen, Hamburg na Lübeck, ilitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Mwaka 1832 Bremen iliwalazimisha wenye meli wabebe chakula cha kutosha kwa abiria wanaohama, sheria ambayo nyumba nyingi za meli ziliichukia hadi zilipogundua kwamba mhamiaji anayejua hatakufa njaa huchagua Bremen badala ya Le Havre au Antwerp. Mwaka 1847 posta ya Marekani ilianza kupeleka barua moja kwa moja Bremen kwa meli za mvuke. Mwaka 1857 ikaanzishwa kampuni ya Norddeutscher Lloyd.

Kazi ya Schleiden ilikuwa kuufanya mzunguko huo usikwame: posta, makonsuli, mashauri ya abiria, urithi wa Mjerumani aliyefia Baltimore na ndugu zake wako kijijini wanasubiri. Mwaka aliofika, 1853, Bremen ilijiunga na mkataba wa kurudishana wahalifu ambao Marekani ilikuwa imeuafiki na Prussia na wenzake mwaka uliotangulia. Ni mambo ya karatasi. Hakuna mchoraji aliyeyachora. Lakini mwenye kaka yake aliyehamia Marekani hakujali hata kidogo nani amealikwa Vienna; alijali barua inafika kwa muda gani na kwa bei gani.

Vita vilipoanza, karatasi hizo zikawa nzito kuliko chuma. Lincoln alitangaza mzingiro wa bandari za Kusini tarehe 19 Aprili, na tarehe 27, siku ileile Schleiden aliporudi kutoka Richmond, akauongeza hadi Virginia na North Carolina. Meli za nchi zisizo vitani zilipewa siku 15 za kuondoka. Kwa Uingereza hilo lilikuwa jambo la heshima ya dola. Kwa Bremen lilikuwa jambo la maghala na mishahara. Ndiyo maana safari ya Richmond isitazamwe peke yake. Mtu aliyekwenda kuuliza habari za amani alikuwa pia, kwa wajibu wa ajira yake, akiangalia hali ya soko ambalo wafanyabiashara wake walikuwa na mali humo. Baadaye aliwakilisha miji yote mitatu ya Hansa Washington, na mwaka 1865 akahamishiwa London kwa kazi hiyohiyo. Miji ile, ya wafanyabiashara wanaohesabu kila senti, haikumwona mtu wa mapambo.

Msomaji wa pwani anaifahamu diplomasia hii hata kama hajawahi kusikia jina la Schleiden. Mwaka 1859 miji hiyohiyo mitatu ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Majid wa Zanzibar. Nyumba ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa tayari imetajirika kwa kununua kauri kwenye pwani yetu na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Hansing nao wakaja. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliolewa na mfanyabiashara wa Hamburg kutoka jamii hiyohiyo ya makarani na maghala. Wajerumani wa kwanza kufanya mkataba na Zanzibar, basi, walikuja na daftari la hesabu, wakaomba konsuli na ushuru unaojulikana. Wa 1885 walikuja na mizinga. Sitaki kuwatakasa wa kwanza: walinunua na kuuza katika uchumi uliosimama juu ya mabega ya watumwa, na baadhi yao walizishangilia manowari zilipofika. Lakini anayesema Ujerumani yote ilikuwa Bismarck tangu mwanzo hawezi kueleza kwa nini iliishi Zanzibar miaka 26 kwa mkataba kabla ya kuhitaji meli za kivita.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: uliberali wenyewe. Hapa upande wa pili una nguvu, na ningejidanganya nikisema hauna. Mwaka 1866 Prussia iliishinda Austria na kuzimeza Schleswig na Holstein, zile zile ambazo Schleiden alizipigania dhidi ya Denmark. Yeye alitaka Holstein iwe nchi yenye mtawala wake na katiba yake ndani ya Ujerumani, siyo mkoa wa Berlin. Mwaka huo aliacha kazi ya London. Kwa jicho la mshindi, hapo ndipo mpiga domo anapotoka jukwaani.

Tena kuna lawama nyingine ambayo ni nzito zaidi, na Wadenmark wanayo haki ya kuitoa. Waliberali wa Kijerumani wa 1848 walidai Schleswig yote kwa jina la uhuru wa watu, huku kaskazini ya Schleswig ikikaliwa na watu wanaozungumza Kideni ambao hawakuulizwa. Mkataba wa Prague wa 1866 uliahidi kura ya maoni huko. Kifungu hicho kikafutwa mwaka 1878, na kura haikupigwa hadi 1920, baada ya Ujerumani kushindwa vita vikuu. Uliberali ule ulikuwa na doa hilo kabla Bismarck hajaingia kazini.

Lakini tazama Schleiden alifanya nini baada ya kupoteza. Hakuhamia Zurich kulia, wala hakugeuka mshangiliaji wa mshindi kama wengi walivyofanya; wimbi la kumgeukia Bismarck baada ya 1866 lilikuwa kubwa na la kuaibisha. Aligombea. Bunge la Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini lilipochaguliwa mwaka 1867 kwa kura ya wanaume wote, aliingia kwa kiti cha Altona, na baada ya 1871 akaendelea katika bunge la dola mpya, miongoni mwa waliberali waliotaka dola moja bila kuyafuta majimbo.

Na mabunge hayo ya wapiga domo yalifanya nini? Sheria ya 1867 ilimpa Mjerumani haki ya kuhama na kukaa popote katika shirikisho bila ruhusa ya diwani wa kijiji. Sheria ya biashara ya 1869 ilivunja mabaki ya vyama vya mafundi vilivyoamua nani ashone viatu na nani asishone. Mita na kilo zilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1872. Ikaja sarafu moja ya marki, ikaja benki ya dola, zikaja sheria za mahakama za 1877. Bismarck alikuwa chansela, ni kweli, na bila saini yake hakuna ambalo lingepita. Lakini yeye hakuwa na subira na vifungu vya sheria. Vilitungwa na kubishaniwa mstari kwa mstari na waliberali kamatini pamoja na watumishi kama Rudolf Delbrück. Dola iliunganishwa vitani kwa miezi michache ya 1866 na 1870, kisha ikaunganishwa tena, kwa miaka kumi, katika vyumba vya kamati. Tunayasoma ya kwanza kwa sababu yana farasi.

Uchaguzi wa 1874 ulimwondoa Schleiden. Altona ilikuwa imekuwa mji wa viwanda na bandari, na kiti kikaenda kwa msoshalisti Wilhelm Hasenclever. Yeyote anayetaka kusema waliberali waliachwa na wakati ana ushahidi mzuri hapo kuliko Richmond, na simnyang'anyi. Wafanyakazi walikuwa na madai ambayo wanasheria wa kizazi cha 1848 hawakuyasikia vizuri.

Hata hivyo kuna jambo la 1879. Mwaka huo Bismarck alipeleka bungeni muswada wa kuwaadhibu wabunge kwa maneno wanayoyasema humo ndani, ingawa kifungu cha 30 cha katiba ya 1871 kilikuwa kimeweka wazi kwamba mbunge hashtakiwi kwa kura yake wala kauli yake. Wakati huo sheria dhidi ya wasoshalisti ilikuwa na miezi michache tu, na muswada huu ulilenga midomo ileile. Schleiden hakuwa mbunge tena. Msoshalisti ndiye aliyekichukua kiti chake mwaka 1874. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu mamlaka ya mabunge ya kuwaadhibu wanachama wake: nani ana haki ya kumnyamazisha mbunge, kwa kosa gani, na haki hiyo inaishia wapi. Muswada ulikataliwa na bunge. Sidai kwamba kitabu ndicho kilichouangusha. Kura za vyama kadhaa zilitosha. Ninachodai ni kwamba mtu aliyeshindwa na wasoshalisti kwenye sanduku la kura, kisha akaichambua bila kulipwa haki ya mbunge kusema wakati wasoshalisti ndio waliokuwa wakiwindwa, hawezi kuitwa mpiga domo.

Imebaki kueleza kwa nini aya moja ya Richmond imemeza yote haya. Sababu kubwa nadhani ni yeye mwenyewe. Alistaafu akaishi Freiburg, akaandika kumbukumbu zake katika juzuu nne kati ya 1886 na 1894. Zinahusu utoto, Copenhagen, Kiel, mwaka 1848 na vita vya Schleswig-Holstein, na hapo zinaishia. Februari 1895 akafariki. Washington, London na Altona hazimo. Kwa hiyo historia ya miaka yake ya Marekani iliandikwa na wengine, na walioiandika walikuwa wanatafuta habari za vita vya Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Ralph Haswell Lutz alizisoma ripoti alizokuwa akizituma Bremen, akachapisha habari ya safari ya Richmond, kazi nzuri na ya uangalifu. Waliomnukuu baadaye walichukua safari wakaacha ripoti. Na ripoti hizo, miaka zaidi ya kumi ya barua kuhusu ushuru, posta, meli na abiria, ndizo zilizokuwa kazi yake.